Andika mlima wenu kabla ya mgodi: namna ya kuweka kumbukumbu za wanyama na makazi yao

Ukiona vijana wamepita na GPS mkononi, wamefunga utepe kwenye miti na kusimika bikoni za zege kando ya njia ya mtoni, elewa kwamba mlima wenu umeshaombwa. Usisubiri mkutano wa hadhara. Nenda dukani kanunue daftari gumu, lile kubwa la kaunta, na penseli mbili. Penseli, kwa sababu maandishi ya wino yakinyeshewa yanafutika.

Mimi ni mkulima wa iliki na pilipili mtama upande wa Muheza, chini ya misitu ya Amani. Kwa miaka mingi nimeongoza wageni wanaokuja kutazama ndege, nimewashikia watafiti tochi usiku, na sasa nimo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Nawaandikia wenzangu wa Muheza, Korogwe, Lushoto na Kilindi, na yeyote anayeishi chini ya mlima wenye msitu juu na madini ndani.

Siandiki kupinga kila mgodi. Vijana wetu wanahitaji kazi, na baadhi yao ni wanangu mwenyewe. Ninachopinga kwa moyo wangu wote ni mlima kuhukumiwa huku ukurasa wake wa wanyama ukiwa mtupu.

Na ukurasa huo huwa mtupu kirahisi sana. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa mgodi ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira na upate cheti kabla ya kuanza. Mwekezaji anaajiri mshauri elekezi, mshauri anakuja na timu yake, wanapita, wanaandika. Kijana mmoja wa timu ya namna hiyo aliwahi kuniambia, kwa adabu kabisa, "Mama, sisi tunaandika tulichokiona." Alisema kweli, na hapo ndipo penye hatari. Walikuja kiangazi, mchana, kwa njia ya gari. Kwa saa hizo na msimu huo, nusu ya viumbe vya mlimani vimelala au vimejificha chini ya majani.

Kama unadhani natia chumvi, kumbuka chura wa Kihansi, kule milima ya Udzungwa. Mradi wa umeme wa megawati 180 ulikuwa umeshapata fedha na ujenzi unaendelea, ndipo mwaka 1996 watafiti wakamkuta chura mdogo wa rangi ya dhahabu anayeishi kwenye manyunyu ya maporomoko yale tu, eneo la hekta chache, na si pengine popote duniani. Maji yalipogeuzwa kuingia kwenye mitambo mwaka 2000, manyunyu yakakauka. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini. Waliobaki walikuwa wamehifadhiwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani, na ilibidi warudishwe Kihansi kuanzia 2012, wakafungiwe mabomba ya kunyunyiza maji ili waishi. Chura yule hakuwa adui wa umeme. Alichelewa kuandikwa.

Kwanza jua kinachoombwa

Nenda kwa mtendaji wa kijiji uulize aina ya leseni. Leseni ya utafutaji si ruhusa ya kuchimba, na leseni ya mchimbaji mdogo si sawa na ya mgodi mkubwa. Tume ya Madini ina ramani ya leseni mtandaoni. Kijana yeyote mwenye simu nzuri anaweza kuifungua na kuona mipaka ya eneo, namba ya leseni na mwenye leseni. Ipigeni picha, iwekeni kwenye daftari.

Hapa kuna mtego mmoja wa kitaalamu. Ramani nyingi za nchi yetu zimechorwa kwa mfumo unaoitwa Arc 1960, lakini simu yako inasoma WGS84. Ukichukua namba za mfumo mmoja ukaziweka kwenye mwingine, alama inaweza kuhama kama mita 300. Mita 300 mlimani ni tofauti ya kuwa ndani ya msitu au nje yake. Kila unapoandika namba, andika na jina la mfumo pembeni.

Kisha usitazame shimo peke yake. Watu wakisikia mgodi wanafikiria shimo, wanauliza, "Shimo liko wapi? Kumbe ni kule mbali!" Uliza barabara ya malori itapita wapi. Uliza kifusi kitamwagwa wapi, uchenjuaji, yaani kutenganisha madini na mawe, utafanyikia wapi, bwawa la topesumu (tope lenye kemikali linalobaki baada ya kuchenjua) litakaa bonde gani, maji yatavutwa kutoka mto upi, kambi ya wafanyakazi itajengwa wapi. Kwa wachimbaji wadogo, uliza maduara (mashimo yao ya kuchimbia), karasha (mashine ya kusaga mawe), na zaidi ya yote mwalo wa kuoshea, maana huko ndiko zebaki inakotumika na marudio, yaani mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, yanakorundikwa. Chora vyote hivyo kwa mkono kwenye ramani ya kijiji. Mara nyingi eneo litakaloguswa ni kubwa kuliko eneo lililoombwa, na makazi yenye thamani zaidi yako kando ya mto, si kwenye shimo.

Gawa mlima kwa makazi

Wengi wanaanza na orodha ya wanyama: mbega wapo, kima wapo, nguruwe pori wapo. Orodha hiyo haimsaidii mtu. Mbega akiandikwa hivyo, mwekezaji atajibu kwamba mbega watahamia upande wa pili. Anza na makazi, halafu uoneshe nani anategemea nini hapo.

Kwetu Usambara Mashariki nimezoea kugawa hivi. Chini kuna msitu wa joto wa vilimani. Ukipanda hadi kati ya mita 800 na 900 kutoka usawa wa bahari, msitu unabadilika, ukungu unakaa, na miti kama mnyasa, mtambara na msambu inatawala. Halafu kuna kingo za mito. Kuna majabali yenye kivuli. Kuna mashamba ya iliki yaliyo chini ya miti ya asili, ambayo si msitu kamili ila ndege wengi wanayapitia. Na kuna mapito, yaani vile vipande vyembamba vya miti vinavyounganisha msitu mmoja na mwingine. Msividharau. Msitu wa Derema ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 2010, baada ya wakulima wa iliki kulipwa fidia, kwa sababu unaunganisha Amani na misitu iliyo kaskazini yake. Nchi nzima ilikubali kwamba pito lina thamani. Basi barabara ya malori ikikata pito lenu, mna pa kuanzia kuzungumza.

Kwa kila makazi andika mambo machache: ukubwa wake kwa kukisia, miti mikubwa iliyopo, kama kuna maji mwaka mzima, na kitu gani kikiondoka hapo wanyama nao wanaondoka. Hili la mwisho ndilo lenye uzito.

Chukua hondohondo. Jike lake hujifungia ndani ya tundu la mti mkubwa kwa udongo, likabaki na ufa mdogo ambao dume hupitishia chakula. Msitu unaweza kuwa na miti elfu, lakini yenye tundu la kutosha hondohondo ni ya kuhesabu. Kwa hiyo msihesabu hondohondo, hesabuni miti yenye matundu, muiwekee alama kwenye ramani. Hondohondo anaruka mabonde na mtu atasema atakwenda kwingine. Mti una anuani.

Vivyo hivyo sange. Huyu mnyama mwenye pua ndefu kama mkonga mdogo hujengea kiota chini, kwa majani makavu. Ukikijua hutakipita tena: majani yamelundikwa kidogo kuliko yanavyoanguka yenyewe, yamekaa kama yamefagiliwa mahali pamoja, mara nyingi karibu na shina au mzizi. Watafiti huhesabu viota hivyo kwa sababu sange mwenyewe ana mbio. Tembea mstari mmoja ulionyooka, hesabu viota pande zote mbili, andika urefu wa mstari. Mtu mwingine akitembea mstari huohuo mwakani, mtakuwa na cha kulinganisha.

Na majabali. Watu wanapita majabali wanaona mawe. Kainame pale penye kivuli, penye kuvu la kijani na unyevu, utaona mmea mdogo wenye majani ya manyoya laini yaliyolala duara, na maua ya zambarau yenye kitovu cha njano. Huo ndio Saintpaulia. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa huku Tanga, baroni Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu zake kwao, na leo watu wa nchi za baridi wanaufuga kwenye vyungu madirishani kwa mamilioni bila kujua kwamba ndugu zake wa porini wamebaki kwenye majabali machache ya milima yetu na mingine ya Tanzania na Kenya. Jabali likipasuliwa baruti, au mti unaolipa kivuli ukikatwa tu, mmea huu unakauka. Hauwezi kutembea kwenda upande wa pili.

Namna ya kuandika mstari mmoja

Daftari lenu litaaminiwa au litadharauliwa kwa namna mstari mmoja ulivyoandikwa. Kila tukio liwe na tarehe, saa, mahali na namba za GPS, makazi, nani aliona, alijuaje, wangapi, walikuwa wakifanya nini, na hali ya hewa. Hilo la "alijuaje" ndilo watu wanaliruka. Aliona kwa macho? Alisikia? Aliona nyayo, kinyesi, kiota, mzoga, manyoya? Andika neno lenyewe.

Mstari mbaya: "Kuna mbega wengi kwenye bonde."

Mstari mzuri: "Saa 12:40 asubuhi. Bonde la mto, ng'ambo ya daraja la magogo, GPS (WGS84) imeandikwa nyuma. Mbega 7, mmoja mtoto mweupe bado. Wanakula majani machanga ya mnyasa. Wameonwa na watu wawili. Ukungu, hakuna mvua. Picha mbili."

Ule "mtoto mweupe bado" una thamani kubwa. Mbega huzaliwa mweupe, rangi nyeusi inakuja baadaye, kwa hiyo maneno matatu hayo yanathibitisha kwamba kundi linazaa hapo, halipiti njia tu.

Kuhusu picha: washa huduma ya mahali kwenye kamera ya simu ili picha ihifadhi namba za GPS ndani yake. Lakini ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, namba hizo zinafutwa. Itume kama faili, au ihamishe kwa waya. Weka kitu cha kupimia ukubwa kando ya nyayo au kinyesi, kiberiti kinatosha. Nyayo iliyopigwa picha peke yake inaweza kuwa ya mnyama yeyote.

Na semeni kweli tupu. Kijiji kikiandika kwamba kuna chui halafu kikashindwa kuonesha hata unyayo, mshauri ataweka daftari zima pembeni. Msichokijua kiandikeni kwa sura yake: "chura mdogo wa kahawia, vidole vya duara, juu ya jani, picha ipo." Jina litapatikana baadaye kwa mwenye ujuzi. Ndege mmoja wa kwetu, Artisornis moreaui, mdogo, mdomo mrefu mwembamba, anayependa mimea inayotambaa na vichaka vya kingo za msitu, anajulikana Usambara Mashariki na sehemu moja nyingine tu duniani, nyanda za Njesi nchini Msumbiji. Jina lake linatokana na Reginald Moreau aliyefanya kazi Amani. Mkulima anaweza kumwona kila wiki akadhani ni ndege tu wa kichakani. Kwa hiyo piga picha na wale unaowadhania wa kawaida.

Nendeni usiku, nendeni mvua inaponyesha

Ukisoma haya yote ukasahau, kumbuka hili. Timu nyingi za tathmini zinaukosa mlima wa usiku, na mlima wa usiku ndio wetu wa pekee.

Nendeni watu watatu au wanne, wenye kuijua njia, mmemwambia mwenyekiti wa kitongoji. Kama msitu ni hifadhi ya serikali, ombeni kibali kwanza kwa Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na muingie na askari wao au mwongozaji wao. Msiende kienyeji mkaja kuitwa wawindaji. Vaeni mabuti, chukueni tochi za kichwani zenye mwanga mkali.

Kinyonga mchana humwoni. Usiku analala kwenye ncha ya kitawi, na rangi yake inapauka, kiasi kwamba mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa kama karatasi katikati ya majani meusi. Tembea taratibu, mulika majani ya usawa wa kifua, halafu juu, halafu chini ya goti. Chini ya goti ndiko utakuta wale vinyonga wadogo wanaofanana na jani kavu. Juu zaidi unaweza kumkuta Trioceros deremensis, aliyepewa jina kutokana na Derema yetu: mgongo umeinuka kama tanga la jahazi, na dume lina pembe tatu. Usimshike. Pima urefu wa tawi kutoka ardhini, piga picha ubavuni na usoni, endelea.

Kisha zimeni tochi zote, mkae kimya robo saa. Perere ataanza, kwanza kama mlango usiotiwa mafuta, kisha sauti inapanda hadi mayowe, na mwingine anamjibu ng'ambo. Rekodi kwa simu, taja tarehe na mahali kwa mdomo mwanzoni mwa rekodi. Asubuhi rudini mtafute chini ya miti mikubwa yenye mapango, perere hunya mahali pamoja na lundo linakaa. Komba naye ana mlio wake. Na mkibahatika mtasikia bundi mkubwa wa Usambara, mlio mzito wa chini unaosikika kifuani kuliko masikioni.

Vyura ni wa mvua. Nendeni vuli, kati ya Oktoba na Desemba, na masika, kuanzia Machi. Wengi wanawatafuta kwenye mabwawa tu, na huko wapo, lakini wa kwetu wa ajabu hahitaji bwawa. Nectophrynoides tornieri hatagi mayai majini. Anabeba watoto tumboni na kuwazaa vyura wadogo kamili. Utamkuta juu ya majani mapana ya chini, anatoa mlio mkavu mfupi kama sarafu ikigonga sahani. Kwa kuwa hana haja na bwawa, anategemea unyevu wa msitu wenyewe: kivuli, majani yaliyooza, ukungu. Ukifyeka ukanda wa barabara katikati ya msitu, jua na upepo vinaingia pande zote mbili na ardhi inakauka hadi ndani kuliko upana wa barabara yenyewe. Andikeni hivyo. Mshauri aliyesoma anajua ni kweli, ila anahitaji ushahidi kwamba chura yupo pale.

Maji

Katika mkoa wa Tanga huna haja ya kumweleza mtu thamani ya Mto Zigi. Unatoka milima hii, unaingia bwawa la Mabayani, unawanywesha watu wa jiji la Tanga. Mwishoni mwa 2003 na mwaka 2004 watu walimiminika kutafuta dhahabu Usambara Mashariki, upande wa Sakale, wakachimba hadi kwenye mito. Aliyeona maji ya siku zile hahitaji somo.

Chagueni vituo vitatu au vinne: juu ya eneo linaloombwa, ndani yake, na chini yake. Kila wiki, siku ileile na saa ileile, jaza chupa ya plastiki isiyo na rangi, iweke mbele ya karatasi nyeupe yenye maandishi, piga picha. Picha za mwaka mzima zitaonesha maji yenu yalikuwaje masika na yalikuwaje kiangazi, na siku mgodi ukisema "mto huu umekuwa mchafu tangu zamani" mtakuwa na jibu. Halafu inua mawe. Chini ya jiwe la mto safi kuna kaa wadogo, watoto wa kereng'ende, na wadudu bapa walionata wenye mikia mitatu kama nyuzi. Hao wa mikia mitatu hawavumilii tope. Hesabu kwenye idadi ileile ya mawe kila mara.

Sheria ya mazingira inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Pimeni mita hizo kwa kamba kutoka kila mto uliomo kwenye eneo, mziweke kwenye ramani. Mtashangaa ni sehemu gani ya eneo inabaki.

Wazee na wawindaji wa zamani

Hakuna mtaalamu atakayejua mlima kuliko mzee aliyeula. Lakini uende kwa heshima, na uelewe hofu yake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Karibu ukae."

"Babu, funo bado wapo kule juu?"

"Wapo."

"Mara ya mwisho umemwona lini?"

Akanyamaza, akatazama daftari. "Unaniandika jina?"

"Sikuandiki jina babu. Nakuandika mzee wa kitongoji cha juu, basi."

"Kabla ya vuli. Pale kwenye mnyasa ulioanguka. Alikuwa na mtoto."

Ndivyo inavyokuwa. Usimwandike jina mtu ambaye maneno yake yanaweza kumpeleka kituoni. Na mtenganishe kurasa: upande mmoja yaliyoonwa mwaka huu, upande mwingine yaliyokuwepo zamani. Mzee akisema faru aliwahi kupita, hiyo ni historia, na ina thamani yake, lakini ukiichanganya na funo wa juzi unaharibu yote mawili. Waulizeni pia akina mama wanaookota mbegu za msambu. Wao ndio wanaojua ni miti ipi inazaa kila mwaka, ni wapi panya buku amezificha, na ni mwaka gani miti ilikataa. Hao huwa hawaulizwi.

Yapi msiyatangaze

Daftari si la kurushwa Facebook. Vinyonga wetu wametafutwa na wafanyabiashara kwa miaka mingi, na mwaka 2016 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Kiota cha bundi, jabali la Saintpaulia, mti wa vinyonga: namba zake za GPS zikae kwenye daftari la kamati, na kwenye nakala ya wazi andikeni jina la bonde tu. Mkitumia iNaturalist, programu ya simu ya kuweka picha za viumbe, ambayo ni nzuri sana kwa kupata majina kutoka kwa wataalamu, programu yenyewe huficha mahali halisi pa spishi nyingi zilizo hatarini, lakini kwa viumbe vingine ni ninyi mnaochagua. Chagueni kuficha.

Kulipeleka daftari linakotakiwa

Daftari likikaa chini ya godoro halina kazi. Lipelekeni kwenye mkutano mkuu wa kijiji, lisomwe kwa kifupi, na muhtasari uandike kwamba kumbukumbu za wanyama na makazi zimepokelewa, kurasa ngapi, tarehe ngapi, na upigwe muhuri. Kuanzia siku hiyo si daftari la mama fulani tena, ni kumbukumbu ya kijiji.

Mshauri elekezi akifika, msimsubiri awaulize. Muombeni hadidu za rejea za tathmini na muangalie kama zimetaja misimu yote miwili, usiku, mito na mapito. Hapo mwanzoni ndipo pa kusema, kwa sababu ripoti ikishakamilika kila nyongeza inaonekana usumbufu. Mpeni nakala ya daftari kwa barua, abaki na moja, asaini ya kwenu. Muombeni aiweke kama kiambatisho. Mpelekeni na pale mlipoona, usiku, wekeni sharti hilo kwa upole. Wengi wao ni vijana waliosomea viumbe na wanaupenda msitu, wakimulikiwa kinyonga mmoja tu hawataki kurudi kambini.

Nakala ya pili ipelekeni NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, kwa barua yenye namba ya leseni na jina la mradi, kabla ripoti haijapitiwa. Ya tatu kwa afisa mazingira wa halmashauri. Ya nne TFS kama eneo linagusa hifadhi ya msitu, kwa sababu Sheria ya Madini inataka ridhaa ya maandishi ya mamlaka husika kabla ya kazi ya madini kufanyika humo. Na mkisikia mradi unatafuta mkopo wa benki za kimataifa, taja kwenye barua Kiwango Namba 6 cha IFC, shirika la Benki ya Dunia linalokopesha makampuni. Kinaweka masharti magumu pale penye makazi ya spishi ambazo hazipatikani kwingine, na milima hii ya Tao la Mashariki imejaa spishi za namna hiyo.

Barua iwe fupi. Andikeni makazi gani yatapotea, nani anaishi humo, ushahidi uko ukurasa upi, na mnaomba nini hasa: barabara ihamishwe, bwawa la topesumu lisikae bonde hili, majabali yaachwe, uchunguzi urudiwe masika. Ombi la wazi hujibiwa. "Tunaomba mazingira yalindwe" watalijibu kwa "tutalinda" na mambo yataishia hapo.

Cheti kikitoka, kwa kukubaliwa au kwa masharti, msifunge daftari. Vituo vya maji vilevile, mistari ileile ya sange, miti ileile ya hondohondo. Chagueni vijana wawili wa sekondari, wa kike na wa kiume, wafundisheni sasa hivi kabla ninyi wakubwa hamjachoka magoti. Picha zote ziwekwe sehemu tatu: kwenye flashi ya kamati, kwenye barua pepe ya kijiji, na kwa mtu mmoja mnayemwamini aliye nje ya kijiji, Tanga mjini au Muheza. Flashi iandikwe tarehe kwa kalamu isiyofutika na ikae kwenye kabati la ofisi ya mtendaji pamoja na mihtasari ya mikutano.